Upimaji wa Shinikizo la Damu Nyumbani kwa Manusura wa Kiharusi: Safari ya Nambari na Lugha Inayoibeba

Mtu anapopatwa na kiharusi kisha akanusurika, jamaa zake aghalabu huiadhimisha siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani. Huchinjwa kuku, majirani wakaja kumpa pole, na mgonjwa akaketishwa nje kupokea salamu. Wataalamu wa tiba huitazama siku hiyo hiyo kwa wasiwasi. Kwao, ndiyo siku mgonjwa anapoondoka mahali ambapo shinikizo lake la damu lilikuwa likipimwa mara kadhaa kwa siku, akaenda mahali ambapo pengine halitapimwa tena hadi tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, majuma manne au miezi mitatu baadaye. Katika kipindi hicho hakuna ajuaye kama linapanda au linashuka. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujua, maadamu shinikizo la damu lililozidi kiasi huwa halina maumivu wala dalili yoyote katika siku nyingi za maisha ya mtu.

Pengo hilo ni la hatari kwa kuwa kiharusi ni maradhi yenye tabia ya kurudi. Nchini Marekani, takriban kiharusi kimoja kati ya vinne vinavyotokea kila mwaka humpata mtu aliyekwisha kupatwa awali. Kiharusi cha pili humkuta mtu ambaye ubongo wake umekwisha kujeruhiwa, na kile ambacho cha kwanza kilimwachia, kiwe ni mkono wa kushikia kijiko au uwezo wa kulitaja jina la mwanawe, ndicho hicho cha pili kinachoweza kukichukua.

Makala haya yananuia kufafanua njia moja iliyobuniwa ili kuliziba pengo hilo: mgonjwa kujipima shinikizo la damu nyumbani, na nambari zinazopatikana kupelekwa kwa muuguzi au daktari aliye mbali kwa njia ya simu. Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza suala hili linawahusu nini wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Mwandishi anashikilia kwamba linawahusu sana. Nambari iliyo kwenye kioo cha mashine haimponyi mtu. Huanza kuwa na faida pale inapomfikia mtu mwingine, akaielewa, akatoa agizo, nalo agizo likaeleweka nyumbani. Safari hiyo ya kwenda na kurudi hufanyika kwa lugha, na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lugha hiyo ni Kiswahili.

Shinikizo Lenyewe na Mashine Yake

Jaribio la kwanza linalojulikana sana la kupima shinikizo la damu lilifanywa na Mwingereza Stephen Hales, kasisi aliyependa elimu ya viumbe. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyouingiza mrija katika mshipa wa farasi na kuona damu ikipanda ndani ya kioo zaidi ya futi nane. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alibuni ukanda wa kufungwa mkononi na kujazwa hewa, ukiwa umeunganishwa na mrija wa zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza sauti zinazosikika kwenye mshipa ukanda unapolegezwa. Ndiyo maana hadi leo shinikizo hutajwa kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo mashine haina tone moja la zebaki ndani yake.

Mashine ya nyumbani haisikilizi sauti. Ukanda hujaa hewa hadi ukaubana mshipa, kisha hewa huachiliwa polepole. Damu inapoanza kupenya, kila pigo la moyo huitikisa hewa iliyomo ukandani. Mitikisiko hiyo huanza midogo, ikakua, kisha ikafifia. Kihisi kilichomo mashineni huipima, na kwa kanuni iliyowekwa na mtengenezaji huikadiria nambari ya shinikizo wakati moyo unaposukuma damu, na nyingine wakati moyo unapopumzika baina ya mapigo. Neno 'huikadiria' limetumiwa hapa makusudi. Mashine mbili za watengenezaji wawili zaweza kutoa nambari tofauti kwenye mkono ule ule, na ndiyo sababu ipo taratibu ya kimataifa ya kuzihakiki. Nyingi zinazouzwa madukani hazijapitia uhakiki huo. Tena, manusura wengi wa kiharusi wana moyo unaopiga bila mpangilio, hali ambayo yenyewe ni chanzo kimojawapo cha kiharusi, na mapigo ya namna hiyo huikanganya mashine. Kwa wagonjwa kama hao kipimo kimoja hakitoshi. Hupimwa mara tatu au zaidi na kutafutiwa wastani.

Taratibu ya kujipima ni rahisi kuieleza na ngumu kuifuata. Mgonjwa huketi akiwa ameegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kupishana, kibofu kikiwa hakijajaa, mkono ukiwa juu ya meza kimo cha moyo. Huwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Hutulia kwa dakika tano bila kuzungumza, akapima, akangoja dakika moja, akapima tena. Hufanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, na wastani hutafutwa baada ya kuziacha nambari za siku ya kwanza, kwani siku hiyo mtu huwa bado na woga wa mashine. Wastani wa nyumbani wa 135 kwa 85 huchukuliwa kuwa sawa na 140 kwa 90 ya kliniki. Tofauti hiyo inatokana na jambo ambalo kila aliyewahi kukaa foleni ya hospitali analijua: kuna watu ambao shinikizo lao hupanda kwa sababu tu wamemwona daktari. Wapo na wale wa kinyume chake, ambao kliniki hutulia, nyumbani likapanda. Hao ndio wanaoweza kupotea kabisa katika mfumo unaotegemea kipimo cha kliniki pekee.

Nambari Inaposafiri

Kwamba kulishusha shinikizo huzuia kiharusi cha pili ni jambo lililothibitishwa. Utafiti ulioitwa PROGRESS, uliochapishwa mwaka 2001, uliwafuatilia watu 6,105 waliowahi kupatwa na kiharusi au dalili zake za muda kwa takriban miaka minne. Miongoni mwa waliopewa dawa za kulishusha, asilimia 10 walipatwa na kiharusi tena; miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 14. Wastani wa shinikizo lililopunguzwa ulikuwa milimita 9 tu kwa nambari ya kwanza na 4 kwa ya pili.

Swali linalobaki ni kama kujipima nyumbani husaidia kulishusha, na jibu lake halina unyoofu ambao wauzaji wa mashine wangeutaka. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa manusura 381. Nusu walipewa mashine za nyumbani na wauguzi wakawa wakiwapigia simu. Nusu waliendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, shinikizo lilikuwa limeshuka katika makundi yote mawili, wala hapakuwa na tofauti ya maana baina yao. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa Uingereza ulioitwa TASMIN-SR, wa watu 552 waliokuwa katika hatari kubwa, wakiwamo waliopata kiharusi, ulitoa jibu jingine kabisa. Waliojipima walimaliza mwaka wakiwa chini ya wenzao kwa takriban milimita 9 katika nambari ya kwanza. Tofauti moja ilikuwa kubwa: hawa wa pili walikuwa wamekubaliana na madaktari wao tangu mwanzo kwamba nambari ikizidi kiwango fulani, wao wenyewe waongeze dawa kwa kufuata mpango ulioandikwa. Nambari zao zilikuwa na pa kwenda.

Utafiti wa tatu, TASMINH4 wa mwaka 2018, haukuwa wa manusura wa kiharusi bali wa watu 1,182 ambao shinikizo lao lilikuwa halijadhibitiwa. Tunautaja hapa kwa sababu uliyagawa mambo vizuri. Kundi la kwanza lilipimwa kliniki. La pili lilijipima nyumbani, nambari zikaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa daktari. La tatu lilijipima na kuzituma nambari kwa arafa. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa kundi la kwanza ulikuwa 140.4, wa pili 137.0 na wa tatu 136.0. Kundi la arafa lilifika huko mapema zaidi, kwani lilikuwa limekwisha kushuka baada ya miezi sita, lakini mwishoni lile la karatasi lilikuwa nyuma kwa milimita moja tu. Mwandishi wa makala haya anaiona milimita hiyo moja kuwa habari njema kwa nchi kama yetu. Daftari la shilingi chache linalosomwa na daktari kila mwezi lilikaribiana sana na rununu. Daftari lisilosomwa na mtu, hilo halikujaribiwa na yeyote, na hakuna haja ya kulijaribu.

Karibu zaidi na mazingira yetu ni jaribio lililofanywa Kumasi, Ghana, katika Hospitali ya Komfo Anokye, likiongozwa na Fred Sarfo, ambalo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2018. Manusura 60 waligawanywa makundi mawili. Thelathini walipewa mashine iliyounganishwa kwa Bluetooth na rununu. Mgonjwa alipojipima, nambari zilikwenda zenyewe kwenye simu na kutoka hapo kwa muuguzi, ambaye pia aliweza kuona iwapo dawa zimemezwa. Baada ya miezi mitatu, 20 kati ya 30 walikuwa chini ya 140 katika nambari ya kwanza, ikilinganishwa na 14 kati ya 30 wa kundi lisilo na mashine. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, tofauti hiyo yaweza kuwa imetokana na bahati, na watafiti wenyewe hawakudai zaidi. Kilichokuwa bayana zaidi ni kwamba kundi la rununu lilikuwa likimeza dawa kwa uaminifu zaidi.

Jaribio hilo lilikuwa la miezi mitatu, lakini wagonjwa waliendelea kufuatiliwa. Ulipofika mwezi wa tisa, waliodhibitiwa katika kundi la kwanza walikuwa wamepungua kutoka 20 hadi 14, na katika kundi la pili walikuwa 12. Faida ilikuwa imeyeyuka. Mazungumzo yalipokoma, mambo yalirejea karibu na yalikokuwa. Sarfo na wenzake waliendelea na utafiti mkubwa zaidi wenye hospitali nyingi, na katika mpango wake waliongeza kitu ambacho mwanaisimu hawezi kukipuuza: mafunzo kuhusu shinikizo na kiharusi yanayotolewa kwa ujumbe wa sauti, katika lugha za wenyeji.

Hapa Kenya, vifaa vimeanza kuwafikia watu. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya kazi, na miongoni mwa vilivyomo ni mashine ya shinikizo la damu na simu ya kunakilia taarifa. Kwa mara ya kwanza mashine inakuja mlangoni, mikononi mwa mtu anayetoka kijiji kile kile. Swali la jinsi mtu huyo atakavyozungumza kuhusu nambari anazoziona si swali la udaktari peke yake.

Maneno Yanayobeba Nambari

Tuanze na neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema 'nina presha' akimaanisha kuwa ana maradhi. Kisayansi kila aliye hai ana presha. Asiye nayo ni maiti. Istilahi 'shinikizo la damu' haikuliondoa tatizo hilo, kwani nayo hutumiwa kuwa jina la kinachopimwa na pia jina la ugonjwa. Mgonjwa anayeambiwa 'shinikizo lako sasa ni zuri' anaweza kuelewa kuwa ugonjwa umekwisha, akaacha dawa. Kumbe lilikuwa zuri kwa sababu ya hizo dawa.

Fauka ya hayo, maneno yote mawili yana maisha mengine nje ya hospitali. Presha ni mahangaiko: 'mtoto huyu ananipa presha'. Shinikizo ni la kisiasa: waziri hujiuzulu kutokana na shinikizo. Katika matumizi haya, chanzo ni watu na mawazo, na dawa yake ni utulivu. Si ajabu basi kumsikia manusura akisema kwamba yeye hana tena presha kwa kuwa deni limelipwa na mwana amepata kazi. Amelisoma neno kama wazungumzaji wenzake wanavyolisoma.

'Kiharusi' nalo lina mshindani wake, 'kupooza'. Kupooza ni tokeo, na si kila kiharusi huliacha. Anayepoteza usemi au kuona kwa jicho moja kwa nusu saa kisha akarejea hali yake hatasema amepooza, na huenda asiende hospitalini. Vilevile, 'ugonjwa wa kupooza' ndilo jina linalotumiwa katika kampeni za chanjo ya watoto dhidi ya polio. Ama kuhusu chanzo, utafiti wa Gerry Mshana na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika jiji la Dar es Salaam watu wengi waliyahusisha maradhi hayo na mapepo na uchawi, ilhali Hai, wilaya ya mashambani, walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo. Mtu anayeamini kuwa alirushiwa jini haoni sababu ya kujipima kila asubuhi.

Hata hivyo, jambo ambalo lingestahili kushughulikiwa kwanza ni dogo kuliko hayo yote, na halijaonekana kumshughulisha yeyote. Mashine huonyesha nambari mbili, moja juu ya nyingine. Wahudumu wengi huziita 'presha ya juu' na 'presha ya chini'. Lakini 'presha ya juu' ndiyo pia jina la ugonjwa wa shinikizo lililozidi, na 'presha ya chini' ni jina la hali iliyo kinyume chake. Zingatia sentensi hii, ambayo kisarufi haina dosari: 'Presha yako ya chini iko juu.' Muuguzi anamaanisha kuwa nambari ya pili imezidi. Mgonjwa anaweza kusikia kwamba tatizo lake ni presha ya chini, na watu wanajua tiba ya nyumbani ya presha ya chini: chumvi kidogo zaidi, chai yenye majani mengi. Chumvi hupandisha shinikizo. Ujumbe umefika na umefanya madhara.

Zipo istilahi sistoli na diastoli, nazo zina mahali pake darasani. Kwa mgonjwa, mwandishi angependekeza 'nambari ya kwanza' na 'nambari ya pili', kwa mpangilio uleule ambao mashine huzionyesha. Hayana uzuri wa kiistilahi, lakini hayawezi kuchanganywa na jina la ugonjwa. Pale anapotaka kuzitaja pamoja, msemo uliopo tayari vinywani mwa watu, 'mia moja arobaini kwa tisini', unatosha. Hakuna haja ya kuuvunja kwa kusema 'gawanya kwa', kama tulivyowahi kuona kwenye karatasi moja ya maelezo iliyotafsiriwa neno kwa neno.

Saa ni mtego mwingine. Programu nyingi za rununu hutumwa zikiwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa baadaye. Mashine inaonyesha 8:00 jioni na mtafsiri mwenye haraka anaandika 'saa 8 usiku'. Kwa Mswahili, saa nane za usiku ni wakati wa jogoo wa kwanza. Mgonjwa mtiifu atajiamsha, ajipime akiwa na usingizi, ameze dawa ya jioni saa sita baada ya wakati wake, na kesho atashangaa kuambiwa kuwa hafuati maagizo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelisahihisha kosa hilo kwa sekunde moja, lakini hakuna aliyemwonyesha.

Mkono Dhaifu, Ulimi Mzito

Yote yaliyosemwa hapo juu yanamchukulia mgonjwa kuwa mtu mwenye mikono miwili na usemi kamili. Manusura wa kiharusi mara nyingi sivyo alivyo. Ukanda wa mashine umebuniwa ufungwe kwa mkono mmoja kwenye mkono wa pili, na inapendekezwa kupima kwenye mkono usioathiriwa, kwani misuli iliyokakamaa au kulegea hupotosha kipimo. Matokeo yake ni kitendawili kisicho na mzaha: mkono mzima ndio unaopimwa, na ule uliopooza ndio unaotakiwa kuufunga ukanda. Bila mtu wa kusaidia, mashine hubaki kabatini. Katika nyumba zetu msaidizi huyo huwa mke, binti au mjukuu, naye ndiye hasa anayepaswa kufundishwa. Maelezo yanayomlenga 'mgonjwa' katika nafsi ya pili umoja, 'funga ukanda', 'bonyeza kitufe', humsahau mtu huyo.

Zaidi ya hilo kuna afasia, yaani hali ya kupoteza uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, ambayo huwapata takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi. Wapo wanaoelewa kila kitu wasiweze kusema, na wapo wanaosema kwa ufasaha maneno yasiyo na maana. Nambari huathirika mno. Mtu anaona 8 kwenye kioo, anataka kusema nane, ulimi unatoa tatu, naye hajui kuwa umetoa tatu. Mia moja themanini ikisomwa kwa simu ikawa mia moja thelathini, muuguzi atampongeza mgonjwa aliye hatarini. Hapa ndipo mwandishi anapokubali kwamba mashine inayotuma nambari yenyewe, kama ile ya Kumasi, ina faida ambayo daftari halina. Mengi yameandikwa kuhusu afasia katika Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Jinsi inavyojitokeza katika lugha yenye ngeli na vitenzi vyenye viambishi vingi kama Kiswahili, ambamo tendo, mtenda na wakati hukaa ndani ya neno moja, ni uwanja ambao mwanafunzi wa uzamili anaweza kuuingia bila kukanyagana na wenzake.

Suala la siri nalo lisisahauliwe. Rununu ya nyumbani huwa ya watu wengi. Arafa isemayo 'dawa zako za kiharusi' itasomwa na mpangaji wa chumba cha pili kabla ya mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, lakini sheria haiandiki arafa. Huandikwa na mtu.

Arafa Moja

Tuhitimishe uchunguzi huu kwa kutazama arafa moja tuliyoitunga kwa ajili ya makala haya. Inamlenga mama mtu mzima, manusura, ambaye wastani wake wa asubuhi umepanda:

'Mama, nambari yako ya kwanza leo asubuhi ni 168, ya pili ni 94. Zimezidi kiwango tulichokubaliana. Tulia dakika tano, pima tena, utume zote mbili. Ukiona uso umekwenda upande, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usisubiri jibu. Nenda hospitalini sasa.'

Ina zaidi ya herufi 160, kwa hiyo mtandao utaihesabu kuwa arafa mbili, nayo ya pili, iliyobeba onyo, huweza kuchelewa au kufika kwanza bila kichwa wala miguu. Onyo lingefaa lijitegemee. Salamu imeachwa ili kuokoa nafasi, na huko Pwani, kijana kumwamuru mama mzima 'tulia' bila shikamoo ni kumvunjia heshima; anayejihisi kuvunjiwa heshima hajibu. 'Mama' pekee inatosha Nakuru, Mombasa pengine haitoshi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika sentensi ya nne. Maneno hayo yamenakiliwa kutoka mabango ya kuufundisha umma dalili za kiharusi, na mabango hayo huandikiwa watu ambao hawajawahi kupatwa. Mama huyu uso wake umekwenda upande tangu alipoanguka mara ya kwanza. Mkono wake wa kulia umelegea kila siku. Akiisoma arafa hii kama ilivyo, ama atakimbilia hospitalini kila asubuhi, ama, na ndilo linaloelekea zaidi, atajifunza kutoijali. Panahitajika neno la kulinganisha: uso umekwenda upande kuliko jana, mkono umelegea kuliko jana, au upande ule uliokuwa mzima nao umeanza. 'Kuliko jana' ina herufi kumi tu.